Shajara ya mradi: Niangalizie, programu ya kuangaliziana picha kutoka Mbeya

Naongeza ukurasa kila hatua inapokamilika. Mchana niko steshenari yangu Soweto, Mbeya: kudurufu, kuchapa barua, picha za pasipoti. Wikiendi napiga picha za send-off, kipaimara na mahafali. Niangalizie naijenga usiku nikishafunga. Gharama na makosa nayaandika yote, ili mwenzangu wa Njombe, Makambako au Songea atakayetaka kujenga kitu kama hiki asilipie mara ya pili nilichokwisha kulipia mimi.

14 Januari 2024. Kilichonifanya nianze

Niko kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha wa Nyanda za Juu Kusini. Ukiweka picha unapata mikono ya kupongeza, moto, "kazi nzuri kaka", "hongera sana". Nimeweka picha humo miaka miwili. Wiki iliyopita nilipeleka albamu kwa mzee mmoja mwenye studio Mwanjelwa anisaidie kubana kurasa. Aligeuza kurasa tano tu, akaniambia, "Mwanangu, kila picha yako imelala kushoto." Nikaangalia. Kweli, milango, nguzo, mstari wa upeo, vyote vinaelekea kushoto kidogo. Miaka miwili, watu zaidi ya sitini, na hakuna aliyeniambia.

Nataka programu ambayo mtu anapakia picha kabla hajamkabidhi mteja, na watu asiowajua wanamwambia wanachokiona. Sharti ni moja: ukitaka yako iangaliwe, angalia kwanza tatu za wenzako.

4 Februari. Toleo la kwanza limesimama

Nimetumia Django (zana ya kujengea tovuti) na PostgreSQL (ghala la data), inafunguka kwenye kivinjari cha simu, haipakuliwi. Jina la tovuti la .co.tz shilingi 25,000 kwa mwaka. Seva ndogo ya dola 6 kwa mwezi, ambayo kwa shilingi ni 15,000 hadi 16,500 kulingana na dola ilivyoamka. Kuingia ni kwa namba ya simu na meseji yenye tarakimu sita. Picha za iPhone, ambazo ni faili za aina ya HEIC, zilikataa kufunguka. Pillow-heif, nyongeza ya Pillow (zana ya Python ya kuchakata picha), imemaliza hilo kwa nusu saa. Umeme ulikatika mara nyingi mwezi huu, kwa hiyo kazi ya wiki mbili imechukua nne.

Watu wa kwanza ni 11, wote wa kundi lile la WhatsApp.

3 Machi. Nyota tano hazinisaidii

Niliweka nyota, moja hadi tano, kwa kuwa ndiyo njia ambayo kila mtu anaijua. Sasa tuko 38 na picha 212. Wastani wa picha zote ni 4.7. Nikaitafuta picha mbovu kuliko zote kwa macho yangu mwenyewe: mtoto wa kipaimara, imetikisika hadi macho hayaonekani. Ina 4.1.

Nikadhani ni kwa sababu majina yanaonekana. Nikayaficha pande zote mbili, mtoa maoni hajui ya nani na mwenye picha hajui aliyesema. Wastani ukashuka hadi 4.5, hapo hapo ukasimama.

Sioni kama watu wanadanganya. Ukimwambia mtu aliyelelewa vizuri ampe alama kazi ya mwenzake, hawezi kumpa mbili, hata gizani. Heshima aliyofundishwa nyumbani haiondoki kwa kuficha jina. Kwa hiyo tatizo liko kwenye kitu ninachomwomba afanye.

24 Machi. Kushindanisha picha mbili mbili: nimejaribu, nimeondoa

Nikaona nisiombe alama kabisa. Mtu anaonyeshwa picha mbili, anachagua moja. Hesabu nikachukua ya Elo, ile iliyobuniwa kupanga wachezaji wa chesi: kila picha inaanza na 1500, ikishinda inapanda, ikishindwa inashuka, na kumshinda mkubwa kunalipa zaidi.

Namba zikatawanyika vizuri. Kwa wiki moja nilifurahi. Halafu dada mmoja wa Tukuyu akaniandikia: "Kaka, picha yangu ya mama anayechambua chai imeshindwa na bibi harusi mara tisa. Nimekosea nini?" Hakukosea kitu. Ilikuwa picha safi, mwanga wa asubuhi unapita kwenye majani. Ila watu wanapenda bibi harusi. Nikatenga makundi: harusi kwa harusi, mandhari kwa mandhari. Bado swali lake likabaki palepale. Hata picha ikishika nafasi ya mwisho, namba haimwambii mtu arekebishe wapi. Nimeifuta yote, siku 19 za kazi. Ukitaka kuandaa mashindano ya picha, njia hii ni nzuri. Ukitaka mtu ajifunze, iache.

21 Aprili. Swali limepatikana

Hapa ndipo mradi ulipobadilika, naandika kwa urefu.

Skrini mpya haina alama yoyote. Picha inafunguka, juu yake maneno haya tu: "Gusa mahali jicho lako lilipofikia kwanza." Ukigusa, nukta inabaki pale. Kisha: "Kama ungeondoa kitu kimoja, kingekuwa nini?" Kisha: "Kitu gani kisiguswe kabisa?" Hakuna kuruka swali la pili.

Picha ya kwanza niliyoijaribia ni yangu, ya send-off ukumbini Uyole. Mwali amevaa kijani, amegeuza shingo anacheka na shangazi yake. Niliipenda. Ngozi yake peke yake niliihariri dakika arobaini. Watu 14 wakaigusa. Nukta tatu ziliangukia usoni kwa mwali. Kumi na moja zilirundikana juu ya bega lake la kulia, kwenye dumu la maji la njano la lita 20 lililoachwa ukutani. Mimi sikuwa nimeliona lile dumu. Nilisimama mbele yake kwa kamera, nikakaa nayo kwenye kompyuta dakika arobaini, sikuliona.

Nikaenda nayo Mwanjelwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta nini leo?"

Nikamwonyesha simu na zile nukta. Akasogeza miwani, akaliziba dumu kwa kidole gumba. Uso wa mwali ukajitokeza kana kwamba mtu amewasha taa. Akaondoa kidole, uso ukarudi nyuma. Akaziba tena. "Jicho linakimbilia penye mwanga mkali na rangi inayopiga kelele," akasema. "Njano hii imekushinda. Ungesogea hatua mbili kushoto."

Hatua mbili. Hiyo ndiyo aina ya jibu niliyokuwa naitafuta tangu Januari, na haikuhitaji mtu yeyote kusema picha ni mbaya. Mtu mwenye adabu zake zote anaweza kuandika "ningeondoa dumu", na mwenye picha akalala salama.

Majibu ya swali la pili yanakuja mafupi na ya kweli: "mguu wa kiti", "waya wa umeme kichwani", "yule anayekula nyuma", "kivuli cha kofia". Swali la tatu niliongeza ili mtu asihariri hadi akaua kilichokuwa kizuri, na linasaidia kuliko nilivyotegemea.

19 Mei. Intaneti ilipodhoofika

Tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikawa dhaifu nchi nzima. Kwangu ilifichua kosa ambalo lilikuwepo tangu mwanzo: nilikuwa napunguza ukubwa wa picha kwenye seva. Yaani simu inatuma MB 4 au 5 nzima, ikifika asilimia 80 mtandao unakata, inaanza upya. Kijana mmoja wa Makete alimaliza bando lake la siku kwa picha moja isiyofika. Nimemrudishia vocha ya 2,000.

Nilivyorekebisha: picha inapunguzwa ndani ya simu kabla ya kutumwa, upande mrefu pikseli 1600, JPEG ya ubora 78. Inatoka na KB 250 hadi 350, na kwa kuangalia fremu na mwanga inatosha kabisa. Inahifadhiwa kwenye IndexedDB, hifadhi ya ndani ya kivinjari, inatumwa vipande vya KB 64, na ikikatika inaendelea pale ilipoishia. Kuangalia picha tatu sasa kunakula kama MB 1 tu. Ningeanza na hili. Kwa mtu anayeishi kwa bando, hili lina uzito kuliko kipengele kingine chochote nilichoweka.

Simu zenye RAM ndogo zilishindwa kupunguza, skrini inaganda. Nikaziwekea njia ya dharura: ikishindwa, tuma picha kama ilivyo.

9 Juni. Ile njia ya dharura imevujisha mahali

Hili ni kosa kubwa kuliko yote na nataka lisomwe.

Simu inapopiga picha huandika taarifa ndani ya faili, zinaitwa EXIF: saa, aina ya kamera, na kama GPS imewashwa, mahali penyewe kwa usahihi wa mita chache. Kupunguza picha ndani ya simu kunazifuta zote. Ila picha zilizopita njia ya dharura zilifika na kila kitu, na mimi nilikuwa naziweka hivyo hivyo. Jamaa yangu wa Iringa alipakua moja, picha ya mtoto mezani anakula, akaifungua kwenye ramani. Ilimpeleka hadi kwenye paa la nyumba. Alinipigia saa nne usiku.

Nilizima programu usiku ule. Zilikuwa picha 64. Nimezisafisha zote, nimewaandikia wenye nazo mmoja mmoja nikiwaeleza kilichotokea, na wawili wameomba picha zao zifutwe; nimefuta.

Kisha kosa la pili likazaliwa na tiba ya la kwanza. Nilipoondoa EXIF kwenye seva, picha za wima zikaanza kulala ubavu. Simu nyingi haziigeuzi picha yenyewe. Zinaandika tu kwenye tagi ya Orientation namba kati ya 1 na 8, kwa mfano 6, maana yake "izungushe nyuzi 90 kufuata saa unapoionyesha". Nikifuta EXIF kwanza, agizo hilo linapotea. Dawa ni mstari mmoja, ImageOps.exif_transpose ya Pillow, kabla ya kufuta chochote. Zungusha, ndipo usafishe.

7 Julai. Wanaobonyeza haraka haraka

Sharti la "tatu kwa moja" limeleta watu wanaogusa katikati ya picha, wanaandika "hakuna", wanaendelea. Niliweka kizuizi: kitufe cha kuendelea hakifunguki mpaka sekunde nane zipite.

Malalamiko yakaongezeka badala ya kupungua, na mengi yalitoka vijijini. Saa yangu ilikuwa inaanza skrini inapofunguka, si picha inapofika. Mwenye mtandao mzuri alikuwa anaangalia sekunde saba. Aliyeko Isongole mvua inanyesha, picha ilikuwa inamfikia sekunde ya tisa, anakuta kitufe kiko wazi, anabonyeza bila kuangalia. Sasa saa inaanza picha ikishaonekana yote. Pia kila picha ya kumi ni ya kwangu ya kupima, ina kitu kikubwa cha wazi cha kuondoa. Anayekosa tatu mfululizo hapati adhabu; programu inamwonyesha mfano na kumwomba ajaribu tena. Wengi walikuwa hawajaelewa tu.

Nimeanza kuona kinachojirudia. Kwenye harusi, jibu linaloongoza la "ungeondoa nini" ni "giza la uso". Kamera inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unazama. Nimeandika maelezo mafupi yanayojitokeza jibu hilo likifika mara tatu kwenye picha moja: gusa uso kwenye skrini kabla hujapiga, ongeza mwanga hatua moja, au mtoe bibi harusi juani umweke kivulini penye ukuta mweupe unaorudisha nuru.

11 Agosti. Nane Nane

Nilikaa siku tano viwanja vya John Mwakangale nikiwa na kishikwambi cha kuazima na bango nililochapa mwenyewe. Bango shilingi 12,000, nauli 8,000. Sikumwomba mtu ajiunge. Nilimwomba aguse picha moja. Wengi walirudi na wenzao kuona nukta zao zimeangukia wapi ukilinganisha na za wengine. Tumetoka watu 97 hadi 241.

Meseji zimeniumiza. Mtandao ulielemewa uwanjani, tarakimu zinachelewa, mtu anabonyeza "tuma tena" mara nane. Kila meseji ni shilingi 25. Kwa siku tano zimekwenda 31,000, na kila ombi lilikuwa linatengeneza namba mpya inayoua ile ya mwanzo, kwa hiyo hata iliyofika ilikataa. Sasa namba moja inaishi dakika kumi, "tuma tena" inasubiri sekunde 90, na inatuma ile ile.

22 Septemba. Ruhusa, na kichujio cha matusi

Shangazi wa bibi harusi mmoja alinipigia. Picha ya binti yake ilionekana kwenye programu kabla familia haijapokea albamu. Mpiga picha hakuwa amemwomba mtu. Shangazi hakufoka, alisema, "Baba, yule ni mtoto wa watu, na ninyi mnamgusa gusa kwa vidole." Sikuwa na jibu ila pole. Nikaifuta akiwa bado kwenye simu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na picha ya mtu ni taarifa yake. Niliisoma upya wiki ile, safari hii nikiwa na sura ya mtu kichwani. Sasa huwezi kupakia picha yenye mtu bila kujibu kama amekubali, picha inajifuta baada ya siku saba, haiwezi kutafutwa na Google, na kuna kitufe cha "huyu ni mimi, iondoeni" kisichohitaji kujiunga. Picha ya mtoto inahitaji ruhusa ya mzazi. Kupakia kumepungua kwa theluthi hivi, na sitalegeza.

Kichujio: niliweka orodha ya matusi, programu inazuia maoni yenye neno lolote humo. Wiki ya kwanza kilizuia "kumalizia", "kumaanisha" na "kumaliza", kwa kuwa nilitafuta herufi popote ndani ya neno. Nikabadili kitafute neno zima. Hapo kikaanza kupitwa, maana Kiswahili kinavisha neno viambishi mbele na nyuma. Orodha za kupakua zimetengenezwa kwa Kiingereza, hazina habari na hilo. Nilichobaki nacho: neno zima linazuiwa, lenye viambishi linasubiri niliangalie mwenyewe asubuhi. Ni matatu au manne kwa wiki.

27 Oktoba. Play Store

Watu wanaitafuta Play Store na hawaioni. Nikaifunga tovuti ile ile kwa Bubblewrap, zana ya kugeuza tovuti kuwa programu ya Android, kazi ya jioni mbili. Kujiandikisha dola 25 mara moja, 68,000 kwa bei ya siku hiyo, kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu.

Sikulijua sharti la akaunti mpya za mtu binafsi: lazima watu 20 wa kuijaribu wawe wamejiunga siku 14 mfululizo. Nilipata 20 kamili. Siku ya tisa mmoja alibadili simu na mwingine akajitoa, tukawa 18, hesabu ikaanza upya. Mara ya pili nilialika 27. Wamebaki 23, imepita.

15 Desemba. Tulipofika, na ninachojaribu sasa

Wiki hii Google wamepunguza sharti lile kutoka 20 hadi 12. Anayeanza sasa atakuwa na nafuu, ila alika zaidi.

Watumiaji 418, wanaorudi kila wiki kama 120. Mwaka mzima: jina 25,000, seva 176,000, meseji 79,000, Play Store 68,000, bando la kazi 330,000, Nane Nane 20,000. Jumla 698,000. Kilichoingia ni 60,000, kutoka studio sita zinazolipa 5,000 kwa mwezi kwa chumba chao wenyewe ambamo mafundi wao wanaangaliziana kabla ya kumpa mteja kazi. Nilikopi wazo hilo kwa mzee wa Mwanjelwa, ambaye alitaka vijana wake watatu waguse picha kwanza ndipo yeye aseme.

Ninachojaribu sasa ni maoni ya sauti. Mama mmoja wa Rungwe, mkulima wa viazi, anapiga picha nzuri sana za shamba lakini kuandika kunamchosha. Sekunde 20 za Opus (mfumo wa kubana sauti) kwa kilobiti 16 kwa sekunde ni KB 40 tu, ndogo kuliko picha. Kwenye iPhone kurekodi bado kunagoma, nalitafuta. Kwenye Android imekubali jana usiku. Sauti yake ya kwanza iliwekwa kwenye picha ya ukungu ya kijana wa Kitulo: jogoo anawika nyuma, anakohoa kidogo, halafu anasema, "Mwanangu, ningeondoa huo uzio. Ng'ombe mwache. Ndaga (asante)."

Kijana ameisikiliza mara sita.